Uzi: Kukaza springi na shokapu bila kuwaumiza abiria kwenye barabara zetu za Unguja na Pemba

Mwanzisha uzi

Assalaam alaykum wadau.

Kuna jambo nataka tulizungumze kwa kina, maana naona vijana wengi wanamwaga pesa kwenye gari kisha wanaishia kuichukia. Mtu anaagiza springi ngumu au seti ya koilova (springi na shokapu zilizofungwa pamoja, unazoweza kurekebisha kimo), anafungiwa, siku mbili tatu anafurahia jinsi gari inavyoshika kona. Mwezi haujesha anatafuta mnunuzi. Mama watoto hapandi tena, mzee akipelekwa hospitali analalamika kiuno, na yeye mwenyewe akifika Makunduchi anashuka hoi. Upande wa pili wapo ambao gari zao zimelegea, zinanesa kila tuta, na wanaambiwa hiyo ndiyo raha ya gari. Raha gani, na abiria wa nyuma anatapika?

Msimamo wangu nausema mapema ili anayetaka kunipinga anipinge: springi kuwa ngumu kidogo hakuumizi mtu. Kinachoumiza ni gari kukosa nafasi ya kushuka, na shokapu isiyolingana na springi yake. Haya mawili ndiyo yanayowatesa watu, na lawama zote anatupiwa springi.

Tuanze na kazi ya kila kimoja. Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu haibebi uzito. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kudunda. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo, na ile nguvu ya mdundo inageuka kuwa joto. Ndiyo maana gari ikitoka kwenye barabara ndefu ya kifusi, shokapu ukiigusa ni ya moto. Sasa ukifunga springi ngumu juu ya shokapu iliyochoka, gari ikipanda tuta springi inarudi juu kwa nguvu na hakuna wa kuizuia. Gari inadunda mara ya pili, mara ya tatu. Dereva anasema springi hizi ngumu mno, kumbe springi haina mshikaji.

Ugumu wenyewe, kwa vifaa vya Kijapani, huandikwa kwa kilo kwa milimita. Springi ya 3 maana yake kila ukiiwekea kilo 3 inashuka milimita 1. Gari ya kawaida ya abiria hutengenezwa ili bodi yake ipande na kushuka kama mara 1 mpaka 1.5 kwa sekunde. Za spoti hukaribia 2. Na hapa pana jambo ambalo wauzaji hawatwambii: ukizidisha ugumu mara mbili, midundo hiyo ya kila sekunde haiwi mara mbili. Inaongezeka kwa asilimia 41 hivi, kwa sababu inafuata kipeuo cha pili. Ukitoka springi ya 2.5 ukaenda ya 3, umeongeza ugumu asilimia 20 lakini midundo haijaongezeka hata asilimia 10. Aliyekaa kwenye kiti hata hatojua.

Binadamu aliyekaa anasumbuliwa zaidi na mtikisiko wa juu na chini wa kati ya mara 4 na mara 8 kwa sekunde. Hapo ndipo tumbo na mgongo vinapolalamika. Springi iliyo ndani ya kiwango haifiki huko. Unaisogeza gari kuelekea huko pale unapozidisha springi, ukazidisha na shokapu, kisha ukatia na mipira ya magurudumu yenye ukuta mwembamba.

Sasa hii nafasi ya kushuka. Kwenye fimbo ya shokapu, ndani ya ile kanzu ya kuzuia vumbi, kuna kiraba laini cha povu. Gari ikishuka mno inakikalia, na hapo ugumu unapanda ghafla. Wengi wanaosema gari yao ngumu, wanachokisikia ni hicho kiraba. Gari iliyoshushwa chini inaweza kuwa imekikalia tangu imeegeshwa. Kila kijishimo ni kugonga mwisho.

Kuna kipimo kisichogharimu kitu. Piga jeki, toa gurudumu, nyanyua ile kanzu, kisha funga kamba ya plastiki ya kubania nyaya kwenye fimbo ya shokapu na uishushe mpaka iguse mwili wa shokapu. Isibane sana, iweze kuteleza. Rudisha gurudumu, pakia watu na mizigo kama kawaida yako, pita njia zako za kawaida. Ukirudi fungua tena utazame. Kamba itakuwa imesukumwa mpaka pale shokapu ilipofika. Ukiikuta imejibana chini ya kiraba, au kiraba chenyewe kinamomonyoka unga wa manjano ukikigusa, basi tatizo lako ni nafasi. Hata ukilegeza springi hutopata raha, utazidisha kugonga.

Barabara zetu nazo zinataka vitu tofauti ndani ya safari moja. Toka mjini uende Paje: lami nzuri unataka gari isilale kwenye kona. Ukifika msitu wa Jozani kuna matuta yaliyowekwa ili kima punju wasigongwe, hapo unataka nafasi ya kushuka na shokapu yenye pumzi. Ukiacha lami uingie vijia vya kijijini, ni kifusi na jiwe la uwanda, mitikisiko midogo midogo ya haraka. Hapo springi haina kazi kubwa, kazi ni ya mipira ya magurudumu na bushi, zile raba za kwenye maungio ya chini ya gari. Anayekuuzia kifaa kimoja akasema kitatibu vyote vitatu, muulize kwanza yeye anaendesha wapi.

Karibuni.

Kijana wa IST

Wa alaykum salaam kaka. Umenigusa. Yangu Toyota IST, fundi alikata springi, kaondoa mzunguko mmoja kila pembe. Nikatia rimu za 17 na mipira 205/45. Njia ya uwanja wa ndege inakwenda vizuri sana, kona haiyumbi. Lakini nikiingia mtaani Mwanakwerekwe kila shimo nalisikia mpaka menoni. Nimeambiwa nipunguze upepo. Kweli?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, upepo usiupunguze. Nitakueleza kwa nini, lakini tuanze na springi.

Ugumu wa springi unategemea mizunguko inayofanya kazi. Ikiwa na mizunguko 6 ukakata 1, imebaki 5, ugumu umepanda asilimia 20. Hiyo peke yake nimeshasema haina ubaya mkubwa. Ubaya ni kwamba umeishusha gari na umekula ile nafasi. Tena ukikata, ncha ya springi haikai tena sawasawa kwenye kitako chake, na gari ikinyanyuliwa springi inaweza kulegea mahali pake. Springi fupi iliyotengenezwa kiwandani huwa na ncha yake sahihi, na unene wa waya umepigiwa hesabu. Unene huo si mchezo: ugumu unapanda kwa unene uliozidishwa mara nne kwa nafsi yake. Waya wa milimita 12 na waya wa milimita 13, ukiacha mengine yote sawa, tofauti ya ugumu ni kama asilimia 38. Kwa macho huwezi kuiona.

Mipira sasa. IST nyingi zinavaa 185/65R15, yaani upana milimita 185, ukuta asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 15. Ukuta wa mpira huo, kutoka rimu mpaka chini, ni milimita 120. Wako wa 205/45R17 ni milimita 92. Kimo cha gurudumu zima ni karibu sawasawa, ndiyo maana halikwaruzi, lakini umepoteza karibu sentimita 3 za hewa na mpira laini. Kwenye kifusi na mashimo yenye ncha kali, ukuta huo ndiyo springi yako ya kwanza. Hakuna shokapu itakayokurudishia.

Ukipunguza upepo kwenye ukuta mwembamba kama huo, shimo la kwanza rimu inakutana na jiwe, na rimu ya aloi ikipinda au ikipasuka gharama unaijua. Fuata kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Na wale wanaojaza mpaka PSI 40 kwa kudhani mafuta yatapungua, nao waache. Wanakaza gari kwa njia mbaya kuliko zote.

Ushauri wangu: rudi rimu za 15, au kama unataka macho yafurahi, 16 yenye ukuta wa 55. Tafuta springi nzima, badilisha viraba na shokapu kwa pamoja. Gari itabaki inashika kona. Wallahi hutoamini ni ile ile.

Dereva wa Noah

Sheikh, sisi tunaobeba wageni hatushushi gari, sisi tunanyanyua. Nachukua wageni uwanja wa ndege nawapeleka Nungwi au Paje, watu sita, mabegi, wengine na vifaa vya kaiti, ule mchezo wa tiara baharini. Nyuma inalala mpaka taa zinamulika juu ya minazi. Nimetiwa springi ngumu za nyuma. Nikibeba, safi kabisa. Nikirudi tupu, gari inarukaruka kila kiraka cha lami. Nifanyeje, niwe na gari mbili?

Mwanzisha uzi

Swali lako ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu, maana gari za biashara ndizo zinazoteseka zaidi. Hebu tupige hesabu ya mfano, gurudumu moja la nyuma. Tuseme gari tupu inalilalia gurudumu hilo kilo 300, ukipakia zinakuwa 450. Umeongeza kilo 150.

Springi ya 2.5 hapo inashuka milimita 60 kwa mzigo peke yake. Kama kabla ya kugusa kiraba kulikuwa na milimita 80, zimebaki 20. Tuta la kwanza mmegonga. Springi ya 4 ingeshuka 37 na nusu tu, zinabaki zaidi ya 40. Ndiyo maana ukibeba unaona safi: abiria wako wanapata raha kwa sababu ya springi ngumu. Wale wanaosema ngumu ni adui wa starehe, mfano huu wautazame vizuri.

Lakini tupu, springi ya 4 inaipeleka gari kwenye midundo 1.8 kwa sekunde, ambayo ni ya gari ya spoti. Ikiwa na mzigo inashuka mpaka 1.5. Ile ya 2.5 ilikuwa 1.4 tupu na chini ya 1.2 na mzigo. Kwa hiyo hukukosea kukaza, umevuka kidogo. Springi ya 3 ingeshuka milimita 50 kwa mzigo huo huo, zikabaki 30, na gari tupu ikawa karibu na midundo 1.6. Hapo ndipo mimi ningesimama, halafu nikaweka viraba vipya virefu vya povu ambavyo vinakaza polepole.

Kitu kingine, tazama shokapu za nyuma. Springi ngumu na shokapu ya mtumba ndiyo inayokurusha kwenye viraka. Ukizibonyeza kwa mkono zinaweza kuonekana nzima, lakini jaribio la kubonyeza kona ya gari linakamata shokapu iliyokufa kabisa, halikamati iliyobakiwa na nusu ya nguvu. Mafuta yaliyovujia kwenye fimbo, au mpira wa gurudumu unaoliwa kwa mabaka mabaka badala ya kuliwa sawasawa, hizo ni dalili bora zaidi.

Spesa nazo niziseme, maana najua wengi wanazo. Spesa inayokaa juu ya springi inanyanyua gari, haikazi springi. Uzito ule ule unabebwa na springi ile ile. Ila inakula nafasi ya gurudumu kushuka kwenye shimo, na inabadilisha pembe ya ekseli na boljointi (kiungo cha gololi kinachoshika gurudumu). Kile kipande cha raba kinachopachikwa katikati ya mizunguko ni kingine: hicho kinaizuia mizunguko kufanya kazi, kwa hiyo kinakaza, tena kinakaza sehemu moja na springi inaanza kuliwa hapo. Kwenye hewa yetu ya chumvi rangi ikishachubuka kutu inaingia, na springi huvunjika pale pale.

Mdau wa Wete

Mimi niko Pemba, njia zetu ni vilima na kona. Nyinyi huko Unguja kusini mmenyooka. Huku Chake kuja Wete gari laini inakulaza hadi unashika mlango. Nimeacha springi za kiwandani, nikaweka nondo ya stabilaiza (ile inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia) nene zaidi mbele, na linki zake mpya. Kona imetulia, matuta hayajabadilika. Kwa nini mnahangaika na springi?

Mwanzisha uzi

Umefanya jambo la maana na nakuunga mkono kwa sehemu kubwa. Nondo ya stabilaiza inafanya kazi pale magurudumu mawili yanapotofautiana. Ukipanda tuta na magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, nondo inazunguka tu kwenye bushi zake, haiongezi chochote. Kwenye kona, upande mmoja unashuka na mwengine unapanda, ndipo inapokaza. Kwa mtu anayelalamikia gari kulala na si kugonga chini, hiyo ndiyo njia ya kwanza kabla ya springi.

Ila pana mpaka wake. Shimo likiwa upande mmoja, nondo nene inalipeleka pigo upande wa pili, na gari inaanza kutikisa vichwa vya watu kushoto kulia. Kwenye njia ya kijijini iliyochimbika na mvua, hilo linachosha kuliko kudunda. Pia ukiinenepesha ya mbele peke yake, gari inakuwa nzito kuingia kona, inataka kwenda moja kwa moja. Barabara ikiwa na maji, na Pemba mvua mnaijua, nenda nayo taratibu mpaka uizoee.

Na kuna hili la mbele na nyuma ambalo watu hawalizungumzi kabisa. Tuta linapigwa kwanza na magurudumu ya mbele, ya nyuma yanafuata baadaye kidogo. Mhandisi Maurice Olley, aliyekuwa Rolls-Royce kisha akaenda Cadillac kule Marekani mwaka 1930, alijenga gari la majaribio ambalo uzito na springi zake ziliweza kubadilishwa, akawapandisha watu waseme wanavyohisi. Alichokiona ni kwamba nyuma inatakiwa idunde kwa kasi kidogo kuliko mbele, ili iliyochelewa kuanza imfikie mwenzake na gari yote ipande na kushuka pamoja. Nyuma ikiwa polepole kuliko mbele, gari inainamisha pua, inainua pua, na huko ndiko kunakomtia mtu kichefuchefu. Kwa hiyo kijana anayekaza mbele tu kwa sababu nyuma "haibebi kitu" anaiharibu gari hata kama kila springi ni nzuri kivyake.

Kijana wa IST

Hapo kwa kichefuchefu umemaliza, mdogo wangu hutapika kila tukienda shamba. Na bushi za plastiki ngumu? Nimeona mtandaoni zile za rangi nyekundu.

Mwanzisha uzi

Kwa gari ya familia, usiziweke mkono wa chini, kile chuma kinachoshika gurudumu na bodi. Zinafanya usukani ujibu haraka, lakini kila changarawe ya kifusi inakuja mpaka kwenye sakafu, na vumbi likiingia zinalia. Kwenye nondo ya stabilaiza pekee, weka, na uzipake grisi yake maalumu. Kwengine weka raba mpya ya kawaida. Gari nyingi zetu zimefika na bushi za tangu kiwandani zilizopasuka, ukiziona mpya utadhani umebadilishiwa gari.

Fundi wa Amani

Wakubwa, naongezea kwenye bushi maana hapa tunaharibu sisi mafundi. Bushi ya raba ya mkono wa chini haizunguki, inajisokota. Imeshikana na chuma cha ndani na cha nje. Fundi anapiga jeki, gurudumu linaning'inia, mkono umelala chini kabisa, anakaza bolti hapo hapo kwa nguvu zote. Akishusha gari, mkono unapanda, na bushi imeshasokotwa kabla hata safari haijaanza. Inavuta mkono kurudi chini muda wote. Gari inasimama juu kidogo, mteja anaona ngumu, na bushi inachanika mapema. Watu wanalaumu spea feki.

Bolti zote za mikono zifungwe kwa mkono kwanza, gari ishushwe ikalie mipira yake au uweke jeki chini ya mkono mpaka ubebe uzito wa gari, itikisiwe ikae mahali pake, ndipo ukaze mwisho. Na baada ya kubadilisha springi au kimo cha gari, nenda kapige alaimenti (kunyoosha pembe za magurudumu) baada ya springi kukaa, sio saa ile ile.

Mwanzisha uzi

Fundi Mungu akubariki, hili nilitaka liandikwe na mwenye spana mkononi. Wadau, ukipeleka gari simama pale umwangalie anapokaza, ni haki yako.

Dereva wa Noah

Mimi nimebadilishiwa bushi zangu gari ikiwa juu, niliona kwa macho yangu. Kwa hiyo bolti zikilegezwa tu gari ikiwa chini zikakazwa upya, inatosha, au bushi zimeshaharibika?

Fundi wa Amani

Kama hazijachanika inatosha. Legeza, tikisa gari, kaza. Mulika tochi pembezoni mwa raba, ukiona ufa umezunguka karibu na chuma, hiyo itoe. Fanya gari ikiwa tupu na tangi nusu, kisha ndipo uje na hesabu ya springi ya 3.